Padri atamwambia mwalimu mkuu?

Wiki hii barua nyingi zimetoka kwa watu wenye watoto, au walio wenyewe, katika sekondari za Kikatoliki hapa Mombasa. Nimefundisha humo miaka 19, saba kati yake nikiwa mwalimu wa ushauri, kwa hiyo nitajibu niliyoyaona.

Binti yangu yuko kidato cha pili, bweni la masista. Kila Jumapili jioni hunipigia kwa simu ya matroni, tumbo lamuuma. Nesi asema hana kitu, mwalimu asema ni deko. – Mama wa Mikindani

Kwanza mpeleke hospitali, mama, maana vidonda vya tumbo pia vipo. Daktari asipoona kitu, usikubali neno deko. Nilikuwa na msichana aliyekuja chumba cha wagonjwa kila Jumatatu kabla ya kengele ya pili. Tulimpa tembe mbili za maumivu, akazimeza, akakaa akitazama dirishani, na paredi ikiisha tumbo limepoa. Wiki ya nne nesi wetu, mama mtu mzima aliyetuzidi akili sote tuliokuwa na vyeti, hakutoa tembe. Alimpa ncha mbili za shuka wakunje pamoja. Shuka ya tatu mtoto akasema, bila kuulizwa: Jumatatu ndiyo siku majina ya wanaodaiwa karo husomwa mbele ya shule nzima.

Ugonjwa ulikuwa kwetu walimu. Majina yakaacha kusomwa, barua za karo zikatumwa kwa wazazi, naye hakurudi kwa tembe.

Basi usimuulize “una nini?” kwenye simu ya matroni, nyuma yake wenzake kumi wamepanga foleni wakisikiliza. Omba ruhusa, nenda, mkae chini ya mti, umuulize Jumatatu kunafanyika nini.

Niko kidato cha tatu. Nikimwambia padri kwenye kitubio kwamba nimechoka kuishi, atamwambia mwalimu mkuu? – Kijana wa Changamwe

Hatamwambia, mwanangu. Kanuni ya 983 ya Sheria ya Kanisa hairuhusu siri ya kitubio ivunjwe kwa sababu yoyote. Lakini lifikirie hilo vizuri: padri huyo akitoka pale hawezi hata kumtuma nesi akakutazame usiku. Kwa hiyo akikusihi umweleze tena nje ya kitubio, kubali. Mwalimu wa ushauri hutunza siri zako nyingi, ila hii hataitunza peke yake, na akikuahidi kwamba ataitunza anakudanganya.

Mwambie mtu mzima mmoja leo, kabla ya taa za bweni kuzimwa. Ukikosa wa kumwambia, piga 116, simu ya msaada kwa watoto. Ni bure, usiku na mchana. Na usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Niandikie tena, nataka kujua umelalaje.

Mume wangu asema huzuni ya mtoto itaisha kwa novena, zile sala za siku tisa. – Bamburi

Isalini. Siku ya tisa isiwakute hamjaonana na daktari.

Sisi ni Waislamu wa Majengo. Kijana amepangiwa shule ya Kikatoliki. Atalazimishwa misa? – Baba Swaleh

Asilazimishwe. Ibara ya 32 ya Katiba yakataza, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule, hapa kanisa, kazi ya malezi ya kiroho pamoja na kulinda imani ya wasio wa dhehebu lake. Siku ya kumwandikisha uliza mambo mawili: ataswali wapi, na Ramadhani daku ataipata saa ngapi. Ukijibiwa “tutaona”, andika barua, ubaki na nakala. Mpishi mmoja Mkatoliki niliyemjua alikuwa akiwawekea uji wa futari kabla mtu hajamkumbusha, lakini usimwachie mpishi kazi ya shule.

Nimepewa idara ya ushauri nasaha, na papo hapo mimi ndiye wa nidhamu. Wanafunzi hawaji. – Mwalimu, Likoni

Wewe ungekwenda? Kijana aliyekutwa na muguka, yale majani ya kutafuna, mfukoni asubuhi ukamwandikia barua ya kusimamishwa, jioni aje akueleze baba yake alivyoondoka? Rudisha kazi moja. Mwalimu mkuu akisema hana watu, hamisha angalau chumba: mlango wa ushauri ukitazamana na ofisi yake, anayeingia ameshahukumiwa. Na fimbo iache kabisa, imekatazwa tangu 2001, na kifungu cha 36 cha sheria ile ya 2013 kinaifanya kosa.

Moja zaidi, kwa kuwa hukuuliza. Siku mlango utakapofunguka, mtoto anaweza kukuambia kuna mtu mzima shuleni anayemshika vibaya. Waraka namba 3 wa 2010 wa TSC, tume inayowaajiri walimu, unakupa saa 24 kuripoti, hata mshukiwa akiwa mwenzako wa chai, hata akiwa amevaa kanzu ya upadri. Usimwite kwanza umsikilize upande wake. Mtoto asilale tena katika bweni hilo, na wewe shika simu.