Bakilinki 500 kwa elfu 80? Mdogo wangu wa Kibaigwa usilipe, soma hapa kwanza

Mbukwenyi wakuu. Kuna mdogo wetu wa Kibaigwa kauliza, ana tovuti ya mafuta ya alizeti ina miezi miwili sasa, akitafuta Google haioni hata ukurasa wa tano, na kuna mtu kamwambia atoe elfu 80 apewe bakilinki 500, yaani linki kutoka tovuti za watu wengine zinazoelekeza kwake, ndani ya wiki. Anauliza alipe au aanzie wapi. Mdogo wangu usilipe. Nakujibu kirefu kwa sababu njia hiyo nimeipita na iliniumiza sana.

Mimi nauza miche ya zabibu hapa Dodoma. Mwaka 2019 nilimlipa jamaa mmoja akaniletea linki 300 na kitu kwenye Excel, nikafurahi, nimekuja kuzifungua moja moja ni tovuti za kamari, nyingine za Kirusi, blogu hazina hata jina la mwenyewe, na kila linki imeandikwa maneno yale yale "miche ya zabibu Dodoma". Baada ya muda nafungua Google Search Console, kile kifaa cha bure ambacho Google humwonyesha mwenye tovuti hali ya saiti yake, nakuta ujumbe kwamba saiti yangu ina linki zisizo za asili, na kweli kwenye matokeo sipo. Mvua ndo zinaanza, watu wanataka kupanda, simu haiiti, miche imejaa kwenye viriba inasubiri. Nilikaa miezi mitano nawaandikia wenye zile saiti wazitoe, wengi hawakujibu kabisa, zilizobaki nikazikana kupitia kile kifaa cha Google cha kukataa linki, halafu nikaomba wanikague upya.

Elewa kwanza kwa nini iko hivyo. Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha Google wakiwa Stanford wazo lao lilikuwa ukurasa ukilinkiwa na mwingine ni kama umepigiwa kura, na kura ya anayeheshimika ina uzito zaidi. Watu wakaanza kununua kura, ndo Aprili 2012 Google wakaleta Penguin, mfumo wa kuwabaini na kuwashusha kwenye matokeo, na tangu 2016 imeingizwa ndani ya mfumo wenyewe inafanya kazi muda wote. Siku hizi linki nyingi za namna hiyo Google inazipuuza tu, kwa hiyo ukiwa na bahati umepoteza hela, usipokuwa nayo yanakukuta ya kwangu.

Sasa pa kuanzia. Usianze na kutafuta linki, anza na ukurasa mmoja ambao mtu ana sababu ya kuuonyesha kwa mwenzake. Ukurasa wako wa bei ya dumu hakuna atakayeulinki, kwa nini aulinki? Mimi kilichoniokoa ni kalenda ya kupogoa. Nilienda Mpunguzi kule barabara ya Iringa kwa mzee mmoja ana shamba la siku nyingi, nikakaa naye asubuhi nzima, anashika tawi anahesabu macho, pale machipukizi yanapotokea, kwa kidole gumba, moja, mawili, anakata mshazari juu ya jicho la pili, napiga picha kila hatua. Maana zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka na mkulima mgeni hajui akate mwezi gani. Nikaandika mwezi kwa mwezi, kwa Kiswahili, na picha zangu. Ukurasa huo peke yake umeniletea linki kuliko kurasa zote nilizonazo, na nyingi sikuomba.

Kwako wewe naona hivi: kila mtu anauliza gunia la alizeti linatoa lita ngapi, na majibu mengi ya mtandaoni ni ya kukisia. Wewe una mashine. Pima gunia kwenye mizani, kamua, pima mafuta, pima mashudu, rudia kwa mbegu tofauti na uandike ni mbegu gani, zimetoka wapi, zilikauka kiasi gani. Piga picha ya mizani. Hizo namba za mashine yako hakuna mwingine anazo, na mashudu ndo yatakufungulia mlango kwa wafugaji wa kuku na ng'ombe wanaoandika kuhusu chakula cha mifugo.

Baada ya hapo ndo uombe. Anza na wanaokujua: anayekuuzia madumu, duka linalochukua mafuta yako, chama chenu cha wakulima kama kina tovuti, aliyekutengenezea lebo. Kisha tafuta jina la biashara yako Google, ukikuta mtu kakutaja bila linki mwombe aiweke, hiyo ndo rahisi kuliko zote. Pia tafuta kurasa za kilimo zenye linki zilizokufa, zile ukibonyeza inakuja 404, mwambie mwenyewe linki yake imekufa na wewe una ukurasa wa jambo hilo hilo. Ujumbe uwe mfupi, mtaje kwa jina, mwambie ni aya gani umeisoma. Mimi nilituma jumbe 22, wakajibu 6, wakalinki 3, na hizo 3 zilinisogeza kuliko zile 300.

Maneno ya linki usimpangie mtu, aandike anavyotaka, jina lako, anwani yako, "hapa", vyovyote. Zenye alama ya nofolo, ile inayoiambia Google isiihesabu linki kama kura, usizidharau kama zinaleta wateja, na ukilipia tangazo kwenye saiti ya mtu mwambie aiwekee alama ya kulipiwa, Google wenyewe ndo wanavyotaka. Kulinkiana wewe na rafiki mara moja hakuna shida, kulinkiana watu ishirini kwenye grupu la WhatsApp kaa mbali. Na fungua Google Business Profile leo hii, ni bure na utaonekana kwenye ramani wakati mengine yanakua.

Miezi mitatu ya kwanza ukipata linki 4 za watu halisi umefanya vizuri sana, angalia ripoti ya linki kwenye Search Console mara moja kwa mwezi inatosha.

Ukishapima hilo gunia tuma ukurasa hapa hapa. Nina jamaa yangu anafuga kuku Nala, ana tovuti ya chakula cha kuku na ameniuliza mara mbili habari za mashudu, nitamfikishia mimi mwenyewe.