Fungate Kisiwani: Chagueni Upande Kabla ya Hoteli

Maswali ya safari hii yametoka kwa maharusi wanaotafuta mahali pa kukaa visiwani. Karibu wote wameanza kwa kuulizia jina la hoteli, ilhali mimi ningeanza na upepo, maji na saa ya kufika.

Swali: Tunafunga ndoa mwezi wa Julai na tumeamua kwenda Unguja. Hoteli za Paje na za Nungwi zinafanana sana kwenye picha. Tukae wapi?

Zinafanana kwa sababu picha hupigwa maji yakiwa yamejaa. Pwani ya mashariki, kuanzia Paje hadi Jambiani, ina mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufuo, na kati yake ni mchanga tambarare ambao maji yakipwa hubaki wazi kwa mamia ya mita, ngalawa zikiwa zimelala ubavu na vidimbwi vya maji vuguvugu vikiwa vimesalia katikati ya mwani. Ni mahali pazuri mno pa kutembea mkiwa mmeshikana mikono, lakini anayetaka kuogelea atasubiri saa kadhaa, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, bahari huenda mbali zaidi.

Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, zina kina karibu na ufuo, kwa hiyo mtaogelea karibu saa zote, na Kendwa inatazama magharibi ambako jua huzama baharini. Zaidi ya hayo, mwezi wa Julai kusi huvuma kwa nguvu upande wa mashariki, jambo linalowafurahisha wanaoteleza juu ya maji kwa tiara kuliko maharusi wanaotaka kujilaza ufuoni. Hasara ya kaskazini ni msongamano wa hoteli na muziki wa usiku. Ikiwa kuogelea ndiko mnakokupenda, nendeni kaskazini. Ikiwa mnathamini utulivu zaidi, chagueni mashariki, ila kwanza mtazame jedwali la maji kupwa na kujaa la tarehe zenu, mkikumbuka kwamba kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Swali: Je, tulale siku zote saba katika nyumba ya juu ya maji huko Maldivi?

Singewashauri hivyo. Nyumba hizi, ambazo zilianza kujengwa huko Polynesia ya Ufaransa katika miaka ya 1960, zina raha yake: mnafungua mlango, mnashuka ngazi, na samaki wako miguuni penu. Hata hivyo, jua la mchana huwaka bila kivuli cha mti hata mmoja, upepo ukivuma maji hupiga nguzo chini ya kitanda usiku kucha, na kama mmoja wenu si mwogeleaji hodari, ngazi ile huwa ya kutazamwa tu. Kaeni siku nne au tano katika nyumba ya ufuoni yenye miti, kisha mzimalizie zilizobaki juu ya maji, kwa kuwa kuhama kutoka majini kurudi nchi kavu huhisiwa kama kushushwa daraja. Mnapoweka nafasi, ombeni nyumba iliyo mwisho wa daraja la mbao, ambako wageni wengine na wafanyakazi hawapiti mbele ya mlango wenu.

Swali: Ndege yetu inatua Malé, mji mkuu wa Maldivi, saa moja jioni. Kuna tatizo?

Lipo, ikiwa hoteli yenu hufikiwa kwa ndege ndogo zinazotua majini, kwa kuwa hizo huruka mchana tu. Mtalazimika kulala karibu na uwanja, kwa mfano Hulhumalé, na usiku mmoja mliolipia kisiwani utapotea. Badilisheni ndege, au chagueni kisiwa kinachofikiwa kwa boti ya kasi.

Swali: Tuna likizo mwezi wa Septemba pekee. Twende Karibi au Morisi?

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni hadi tarehe 30 Novemba, na Septemba ndiyo kilele chake. Mkiipenda sana Karibi, tazameni Aruba, Bonaire na Curaçao, visiwa vya kusini ambavyo kwa kawaida huwa nje ya njia ya vimbunga. Morisi wakati huo ni kukavu na hakuna tishio hilo, ingawa bahari ni ya ubaridi kidogo na upepo wa kusini-mashariki huchafua pwani ya mashariki. Kwa hiyo kaeni kaskazini-magharibi, maeneo ya Trou aux Biches, au magharibi, Flic en Flac.

Swali: Hoteli imetuahidi huduma maalumu za fungate. Tuulize nini kabla ya kulipa?

Ulizeni kwa maandishi ni huduma zipi hasa, na kama wanahitaji nakala ya cheti cha ndoa, kwa kuwa hoteli nyingi huitaka, tena ndoa iwe imefungwa miezi michache tu kabla. Ulizeni pia kuhusu kitanda. Mara nyingi chumba kinachoitwa cha wawili huwa na vitanda viwili vidogo vilivyosogezwa pamoja na kufunikwa shuka moja, na ifikapo usiku wa manane vinaachana, mmoja wenu akaangukia katikati. Wakijibu kwamba kitanda ni kimoja, ombeni picha ya chumba chenyewe mtakachopewa.