Kabla Hujaandika Hojaji, Pita kwa Jirani

Kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi wa uzamili na uzamivu kupanga na kuchambua data zao. Wengi wanaonijia wanatoka fani tatu: afya, ufundishaji wa lugha na usimamizi wa ujenzi. Ukiwasikiliza utadhani hawana la kuambiana. Muuguzi ana vidonda visivyopona kwa wakati, mwalimu ana wanafunzi wanaoshindwa kuandika insha, mkadiriaji majenzi ana miradi inayopitiliza muda. Lakini nikifungua mafaili yao nakuta matatizo yaleyale, na mara nyingi dawa ya tatizo la mmoja ilishapatikana zamani kwenye fani ya mwenzake. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: kabla hujaandika swali hata moja la hojaji, soma makala kadhaa za mbinu kutoka fani isiyo yako.

Nianze na walimu wa lugha, maana hapo ndipo naona jasho jingi likipotea. Mwanafunzi ana shule zenye jumla ya wanafunzi 400. Anachukua fomula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli, anaweka kiwango cha makosa cha 0.05, na fomula inampa sampuli ya 200. Anafurahi. Kisha anaingia madarasa matano yenye wanafunzi 40 kila moja, anawapa wote jaribio, na kazi anaiona imekwisha.

Haijaisha. Fomula ile inadhani kila mwanafunzi amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu. Wanafunzi wa darasa moja wana mwalimu mmoja, kitabu kimoja, na makosa yaleyale ya sarufi waliyoambukizana. Kumpima wa arobaini baada ya kuwapima wenzake 39 hakukuongezei habari nyingi. Watafiti wa afya ya jamii walilitambua hili zamani, kwa kuwa wao pia huchagua vijiji na zahanati nzima nzima, na wanayo hesabu fupi ya kulipima: chukua idadi ya watu katika kila kundi, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana ndani ya kundi (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa), kisha jumlisha moja. Tuseme kufanana ni 0.1, kiwango ambacho si cha ajabu kabisa kwa alama za darasani. Unapata 39 mara 0.1, ongeza 1, jibu ni 4.9. Gawanya 200 kwa 4.9. Wanafunzi wako 200 wana uzito wa kama 41 waliochaguliwa mmojammoja.

Sasa tazama kinachotokea ukitaka kurekebisha. Ukiongeza wanafunzi 20 katika kila darasa ufikishe 300, uzito unapanda hadi 43 au 44 tu. Lakini ukibaki na wanafunzi walewale 200 na kuwatawanya kwenye madarasa kumi, ishirini ishirini, uzito unafika karibu 69. Kazi ya kusahihisha ni ileile, matokeo yana nguvu zaidi. Huwa nawaonyesha wanafunzi hesabu hii kwenye karatasi kabla hawajaomba kibali cha kwenda shuleni, kwa sababu baada ya data kukusanywa hakuna programu ya takwimu itakayozaa madarasa mapya.

Na wale wanaolinganisha darasa moja lililofundishwa kwa mbinu mpya na darasa moja lililofundishwa kwa mbinu ya zamani, nawasihi wasimame kwanza. Hapo una kundi moja na kundi moja. Tofauti ya alama inaweza kuwa imetoka kwenye mbinu, au kwa mwalimu, au kwenye saa ya kipindi, na hutakuwa na njia ya kuzitenganisha. Mwaka 1978 mwanatakwimu Jerome Cornfield aliwaonya watafiti wa tiba waliogawa makundi mazima kisha wakachambua kana kwamba wamegawa mtu mmojammoja: alisema huko ni kujidanganya. Onyo hilo linawahusu pia wa ujenzi. Vibarua 150 kutoka saiti tatu ni saiti tatu.

Kwa upande wa ujenzi, jambo linalonisumbua zaidi ni jingine. Tasnifu nyingi za usimamizi wa ujenzi ninazozisoma hufuata njia moja: orodhesha sababu za ucheleweshaji kutoka kwenye maandiko, wape wahandisi na wakandarasi wazipe alama 1 hadi 5, kokotoa fahirisi ya umuhimu, yaani namba moja inayofupisha alama hizo kwa kila sababu, panga kuanzia ya juu hadi ya chini. Njia hiyo ina faida yake. Utafiti wa Assaf na Al-Hejji wa mwaka 2006 kuhusu miradi ya Saudi Arabia ulitambua sababu 73, na uzuri wake ni kwamba uliwauliza wamiliki, washauri na wakandarasi kila upande peke yake, kisha ukalinganisha majibu. Hapo ndipo penye elimu. Mkandarasi akiulizwa kwa nini mradi umechelewa, ni rahisi kwake kutaja malipo yaliyokawia. Mwenye mradi naye ana rahisi yake ya kutaja. Ukichanganya majibu yote kwenye wastani mmoja, umefuta kitu chenye thamani kuliko vyote ulivyokusanya.

Hata hivyo maoni yanabaki kuwa maoni. Mtafiti wa miradi mikubwa Bent Flyvbjerg na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 2002, walikwenda kwenye kumbukumbu. Walichukua miradi 258 ya miundombinu ya usafiri kutoka nchi 20, wakalinganisha gharama iliyokadiriwa wakati wa kuamua kujenga na gharama halisi mradi ulipokamilika. Miradi 9 kati ya 10 ilizidi makadirio, na kwa wastani gharama halisi ilikuwa juu kwa asilimia 28. Hakuna mtu aliyeulizwa anakubali au anakubali sana.

Wa afya wanalijua hili vizuri, kwani hawamuulizi mgonjwa alikunywa dawa mara ngapi wakaishia hapo; wanatafuta faili, wanahesabu vidonge vilivyobaki. Basi wewe wa ujenzi, kabla ya hojaji, omba hati za malipo, barua za maelekezo ya mabadiliko, kumbukumbu za vikao vya saiti na daftari la kila siku. Miradi kumi yenye nyaraka kamili itakuambia mengi kuliko hojaji mia. Ombi lako liwe la maandishi, lieleze ni nyaraka zipi hasa unazitaka, majina yatafutwa vipi na nani ataziona. Nimeona milango ikifunguka kwa barua ya namna hiyo baada ya kufungwa kwa ombi la mdomo.

Wa afya nao wana la kujifunza, na mfano ninaoupenda uko wazi. Atul Gawande, daktari mpasuaji aliyeongoza kazi ya Shirika la Afya Duniani ya kuandaa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, ameeleza jinsi alivyokwenda kwa wajenzi wa majengo marefu kuona wanavyohakikisha mafundi wa fani mbalimbali wanazungumza kwa wakati unaotakiwa. Orodha iliyotoka ina vipengele 19. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, Ifakara ya Tanzania ikiwemo, na ripoti ya mwaka 2009 ilionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Lakini soma na sehemu ya pili. Mwaka 2014 watafiti wa Ontario, Kanada, walichunguza hospitali 101 zilizoanza kutumia orodha kama hiyo, na hawakuona punguzo la vifo lenye uzito wa kitakwimu, yaani lisiloweza kuelezwa kirahisi kwa bahati tu. Tafiti zote mbili zililinganisha kabla na baada. Mjadala ukahamia kwenye swali ambalo watu wa ujenzi na walimu wangeliuliza mapema: je, watu waliitumia kweli, au waliweka alama za vema kwenye karatasi tu? Mwalimu anayejaribu mbinu mpya anajua kwamba lazima akae nyuma ya darasa aone inavyofundishwa. Ukitathmini mpango wowote wa wodini, tenga muda wa kukaa na kutazama, na uandike ulichokiona kabla hujaona takwimu.

Kuna zoezi moja ninalompa kila mtu, nalo nimelichukua kwa wa afya: chora majedwali matupu. Kabla ya kukusanya chochote, chora jedwali la matokeo yako kamili, lenye vichwa vya safu na mistari, ila bila namba. Mwanafunzi mmoja wa ujenzi alikuwa na hojaji ya kurasa nyingi. Alipochora majedwali akagundua maswali zaidi ya nusu hayana pa kwenda, na swali lake kuu, la ukubwa wa ucheleweshaji, halikuwa na swali lolote la kulijibu. Alikuwa amesahau kuuliza tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Jedwali tupu lilimwonyesha hilo kwa jioni moja.

Kuhusu ridhaa, nitasema machache. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, mwongozo wa maadili ya kufanya utafiti kwa binadamu, liliandikwa kwa ajili ya utafiti wa tiba, na wanafunzi wa fani nyingine huniambia haliwahusu. Jiulize nani anamwomba nani. Mwalimu anayewaomba wanafunzi wake washiriki ndiye anayewapa alama. Msimamizi wa saiti anayegawa hojaji ndiye anayeamua kibarua gani aitwe kesho. Mtu wa hapo hana uhuru wa kukataa. Mtafute mtu asiye na mamlaka juu yao agawe na akusanye karatasi, nao waziweke kwenye bahasha iliyofungwa.

Utaulizwa na msimamizi wako kwa nini umeleta hesabu ya makundi ya epidemiolojia, yaani elimu ya magonjwa katika jamii, kwenye tasnifu ya lugha. Usijibu kwamba ni mbinu nzuri. Andika aya moja kwenye sura ya mbinu: mbinu hii inadhani nini kuhusu data, data zangu zinafanana nayo wapi, na wapi hazifanani. Mfano, sema kwamba wanafunzi wamo ndani ya madarasa kama wagonjwa walivyo ndani ya zahanati, lakini darasa hubadilika kila mwaka na zahanati haibadiliki hivyo, kwa hiyo umepima ndani ya muhula mmoja tu. Aya ya namna hiyo ndiyo ninayoitafuta kwanza ninapopewa rasimu ya kusoma.