Ukienda Arena México, tazama kisogo

Wengi wetu tulizijua barakoa za mieleka ya Meksiko kupitia mwanamieleka Rey Mysterio kwenye runinga, tukadhani ni pambo la kuwauzia watoto. Ukijaliwa kufika Mexico City, nenda Arena México, ukumbi wa mieleka mtaa wa Doctores, Ijumaa usiku. Ila mazoea ya WWE, mieleka ya Marekani, yaache hotelini.

Mapambano mengi ni ya watatu kwa watatu, na timu inayochukua raundi mbili kati ya tatu ndiyo mshindi. Huku wapo técnicos, wanaopigana kwa ustaarabu. Kule rudos, wanaosubiri refa ageuke. Chagua upande kabla ya kengele, la sivyo utaboreka. Mimi ni wa rudos. Bibi mmoja aliyekaa mbele yangu, rudo mwenzangu, aliporomosha matusi ambayo kwetu yangemwitishia kikao cha ukoo.

Wageni hushangilia watu wanaoruka kutoka kwenye kamba za ulingo. Sawa, lakini wewe tazama kisogo. Barakoa ya mwanamieleka hufungwa nyuma kwa kamba kama kiatu, na vidole vya rudo vikianza kuzichezea, ukumbi mzima husimama. Akimvua mpinzani, anapoteza raundi. Wapo wanaoona bora waipoteze. Aliyevuliwa hujitupa kifudifudi, uso kaufunika kwa mikono, hadi mwenzake amletee taulo.

Kama tarehe ni yako kuchagua, tafuta pambano la dau: barakoa kwa barakoa, au barakoa kwa nywele. Anayepoteza barakoa huivua mbele ya watu wote na kutaja jina lake halisi na kwao. Rey aliipoteza yake Marekani mwaka 1999, akarudi nayo WWE mwaka 2002; kwa mila ya Meksiko, ikishaliwa kwenye dau imekwenda. El Santo, nguli wa mieleka ya Meksiko, alimvua mpinzani wake Black Shadow mwaka 1952, na yeye mwenyewe akapigana tangu 1942 hadi 1982 bila kuipoteza yake kwenye dau. Aliinyanyua kidogo tu kwenye runinga siku chache kabla ya kufariki, Februari 1984, akazikwa nayo.

Barakoa za ukumbusho zinauzwa nje ya ukumbi. Subiri ununue ukitoka, ukishajua umempenda nani. Nyingi ni za kitambaa chepesi. Ukitaka ya kamba, igeuze uangalie mishono kabla hujataja bei.