Muulize Shangazi: Majaji na "uzito" wa filamu

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 24, nasomea uongozaji wa filamu. Kazi yangu ya kumalizia chuo ni ya dakika 20, inamhusu bibi yangu wa Tanga anayesuka ukili barazani huku akisimulia ndoa zake tatu. Mwalimu wangu ameipenda, ila ananishauri niongeze "jambo zito", hata polisi au ugomvi, maana majaji wa tuzo hawababaishwi na mambo ya barazani. Ni kweli? Na kwa nini wanawake tusitengewe tuzo yetu ya uongozaji?

JIBU: Marahaba mwanangu. Miaka kadhaa nyuma niliitwa kuwa jaji wa tamasha dogo la filamu fupi. Tulikuwa watano, mwanamke mimi peke yangu. Mwishoni zikabaki filamu mbili. Moja ya vijana na bastola, sauti inakwaruza, sini ya mwisho giza tupu. Nyingine ya msichana wa rika lako: mama anagawa wali msibani, sufuria moja, watu arobaini. Kila upawa ulikuwa na habari yake. Huyu anapewa ukoko kwa sababu hakuja kuzika, yule anaongezewa nyama kwa sababu anadai. Mwenzangu mmoja akaisukuma karatasi ya alama, akasema, "Nzuri, lakini ya kike." Kwenye karatasi hiyo kulikuwa na alama 20 za "uzito wa maudhui", na hapo ndipo msichana yule alipoangushwa. Nilibishana mpaka adhana ya magharibi. Nikashindwa, kura nne kwa moja.

Kwa hiyo mwalimu wako hakudanganyi. Ushauri wake ndio ninaoukataa.

Tazama FESPACO, tamasha la Ouagadougou, Burkina Faso, lililoanza mwaka 1969. Tuzo yake kuu ni Farasi wa Dhahabu wa Yennenga. Sanamu yenyewe ni mwanamke aliyepanda farasi, mkuki mkononi. Katika masimulizi ya Wamossi, kabila la huko Burkina Faso, Yennenga ni binti mfalme aliyepigana vita vizuri mno hata baba yake akamkatalia kuolewa, naye akatoroka kwa farasi. Tuzo hiyo ilianza kutolewa 1972, na hadi tamasha la 2025 hakuna mwongozaji mwanamke aliyeibeba. Mwaka 2023 tulikaribia: Apolline Traoré wa Burkina Faso alipata Farasi wa Fedha kwa filamu ya Sira, Mkenya Angela Wamai akapata wa Shaba kwa Shimoni. Dhahabu ikaenda kwa Youssef Chebbi wa Tunisia. Na aliyeongoza jopo la majaji wa filamu ndefu mwaka huo alikuwa mwanamke, Dora Bouchoucha.

Ndiyo maana sisemi kuna wanaume wanaojifungia wakatunyima. Laiti ingekuwa hivyo, tungegonga mlango. Tatizo limo kwenye neno "zito", na neno hilo hata sisi wanawake tumelimeza.

Tuzo za filamu za Oscar, za Marekani, zilianza 1929. Mwanamke wa kwanza kushinda uongozaji alikuwa Kathryn Bigelow, 2010, miaka 81 baadaye. Filamu yake ilihusu nini? Wanajeshi wa Marekani wanaotegua mabomu Iraq, karibu wote wanaume. Alistahili, ni fundi hasa. Lakini inaniuma kwamba mlango ulifunguka kwa hadithi ya vita, ilhali Jane Campion aliteuliwa 1994 kwa hadithi ya mwanamke na piano yake, akasubiri hadi 2022 kuishika sanamu ya mwongozaji.

Tuzo yetu peke yetu? Hapana. Tamasha la filamu la Berlin liliacha kutenganisha tuzo za waigizaji wa kike na wa kiume mwaka 2021. Uongozaji hata haukuwahi kutenganishwa. Tukijitenga sasa, ile dhahabu ya Yennenga tutakuwa tumewaachia wanaume moja kwa moja.

Wewe fanya hivi. Kabla ya kulipa ada ya kushiriki, waombe waandaaji vigezo vya alama na majina ya majaji. Wakikataa, peleka kwingine. Polisi usimlete barazani kwa bibi. Sogeza kamera kwenye vidole vyake, hasa anapofika kwenye ndoa ya pili; kama mkono utasita juu ya ukili, usikate. Mwache asite. Ukimaliza kuhariri niletee, natamani kumsikiliza.