Vani ya kusafishia madirisha: hesabu lita kabla ya kununua gari

Ninasafisha madirisha Reading, magharibi ya London, na ujumbe ninaoupata zaidi kutoka kwa ndugu zetu wa huku huja na picha ya vani inayouzwa. "Kaka, hii inafaa?" Picha hainiambii kitu. Mimi huuliza mtu anategemea kutumia lita ngapi za maji kwa siku, maana katika kazi hii gari ni chombo cha kubebea maji, na maji ni mazito. Lita moja ni kilo moja. Ukubwa wa gari, mahali pa kuweka tenki, betri, hata nyumba utakayopanga, vyote vinafuata hapo.

Kwa ambaye hajaiona kazi yenyewe: Uingereza ya leo madirisha ya ghorofani hayaoshwi sana kwa ngazi. Unasimama chini na mpini mrefu wa nyuzi za kaboni, unauvuta unarefuka, kichwani una brashi na ndani unapita mpira mwembamba wa maji yanayosukumwa na pampu kutoka garini. Unasugua, unasuuza, unahamia dirisha jingine. Hufuti. Kioo kinajikaukia bila doa kwa sababu maji yale yameondolewa madini. Kanuni za mwaka 2005 kuhusu kazi za mahali pa juu zinataka mtu asipande pale ambapo kazi inaweza kufanyika kutoka chini, na hilo liliipa mipini hii nguvu kubwa sokoni.

Sasa hesabu. Kwenye nyumba za kawaida mimi huiweka pampu itoe kama lita moja na nusu kwa dakika. Nyumba ya vyumba vitatu vya kulala, ikiwa inasafishwa kila baada ya wiki kadhaa, maji yanafunguliwa dakika kumi hadi kumi na tano. Hapo ni lita 15 hadi 22 au 23. Nyumba inayosafishwa mara ya kwanza, yenye utando wa buibui na ukungu wa kijani kwenye fremu, inakula mara mbili na zaidi. Mtu mmoja anayefanya nyumba kumi na tano hadi ishirini kwa siku anatosheka na lita 400. Muuzaji atakusukumia tenki la 650 kwa maneno ya "ukikua utalihitaji". Ukikua utanunua jingine. Maji usiyoyatumia unayazungusha mjini bure, na mafuta unalipa wewe.

Jumlisha: maji kilo 400, tenki tupu na fremu yake ya chuma, weka 60, betri 25, mpira wa mita mia na gurudumu lake, 20, mipini, vichujio, rafu na makorokoro, 40, na wewe mwenyewe na chakula chako cha mchana, 85. Tayari ni kilo 630. Kisha fungua mlango wa gari unalolitaka, utafute kibandiko au kibati cha mtengenezaji, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kina namba nne za uzito: gari likiwa limejaa, gari pamoja na trela, ekseli ya mbele, ekseli ya nyuma. Toa uzito wa gari tupu kwenye namba ya kwanza upate kiasi unachoruhusiwa kubeba. Usikadirie kwa macho. Citroën Berlingo, kwa mfano, imetoka katika matoleo yanayopishana kwa mamia ya kilo katika uwezo wa kubeba, na kwa nje huwezi kuyatofautisha.

Namba ya nne ndiyo inayosahaulika. Gari linaweza kuwa chini ya uzito wake wa jumla na bado ekseli ya nyuma ikawa imezidiwa, kwa kuwa mtu ameliweka tenki mlangoni kabisa. Tenki likae karibu na ukuta unaotenganisha dereva na mzigo, mbele ya magurudumu ya nyuma. Kabla hujatoboa tundu lolote sakafuni, panga kila kitu mahali pake, jaza maji, peleka gari taratibu kwenye mizani ya umma upimwe ekseli moja moja. Ada yake ni ndogo. Huku huoni foleni ya malori kwenye mizani kama pale Vigwaza, lakini maofisa wa DVSA, wakala wa serikali wa kukagua magari, husimamisha vani barabarani na kuzipima, na gari lililozidisha linaweza kuzuiwa hapohapo mpaka mzigo upungue. Yaani utamwaga maji yako kando ya barabara huku wateja wakisubiri.

Kufunga tenki ndipo nisipokubali mjadala. Mikanda ya kukazia mizigo haitoshi. Gari likigonga kitu, nusu tani ya maji inakuja mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mara nyingi, na kati yako na hayo maji kuna kibati tu. Tenki linatakiwa kukaa ndani ya fremu ya chuma iliyofungwa kwa bolti zinazopita sakafuni, zikiwa na bamba nene za chuma upande wa chini ili bolti isichane bati na kuchomoka. Fundi alale chini ya gari kabla ya kutoboa. Chini kule kuna tenki la mafuta, mabomba ya breki na nyaya. Tundu likishatobolewa lipakwe rangi ya kuzuia kutu. Kuna mafundi wanaouza fremu zilizojaribiwa kwa ajali za maabara, na kama fedha inatosha kwa kitu kimoja tu cha anasa, nunua hicho.

Na tenki lenyewe liwe na kuta za ndani. Tenki lisilo nazo, likiwa nusu, linakusukuma kwenye kila kona na kila breki. Yale matenki meupe ya lita elfu yenye wavu wa chuma, ambayo nyumbani tunayaona kila mahali, ni mazuri sana kwa kuhifadhi maji nyuma ya nyumba. Garini hayafai: ni marefu, plastiki yake ni nyembamba, na ndani hayana kizuizi chochote.

Umeme si mgumu, ila una mtego mmoja. Pampu ni ya volti 12, na inaendeshwa kwa betri ya pili, ile inayovumilia kutumika taratibu siku nzima, si betri ya kuwashia gari. Betri ya asidi ya Ah 110 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaohifadhi) unaitumia nusu yake tu kama unataka idumu, na kwa pampu iliyopunguzwa kasi hiyo nusu inatosha siku ya kazi. Zamani watu walifunga rilei ya kawaida, swichi inayoziunganisha betri mbili, gari likitembea betri ya pili inajichaji. Vani nyingi mpya zina alteneta inayojipunguza yenyewe kila inapoona betri kuu imeshiba, kwa hiyo rilei hiyo inaishia kutochaji chochote cha maana. Gari la namna hiyo linahitaji chaja ya betri kwa betri, inayochota umeme kwenye betri kuu na kuichaji ya pili. Weka fyuzi karibu na kila betri, na usikwepe kununua kidhibiti cha pampu. Ukifunga koki huko kwenye mpini, chenyewe kinahisi shinikizo limepanda na kinaisimamisha pampu, na kinazima kila kitu betri ikishuka sana.

Mlango gani utoe mpira? Wengi huweka gurudumu la mpira nyuma. Mimi naliweka mlango wa pembeni. Mitaa ninayofanyia kazi ina nyumba za zamani zilizoungana mstari mmoja, magari yameegeshwa bampa kwa bampa, na mara nyingi mlango wa nyuma haufunguki. Mlango wa pembeni wa vani nyingi za huku uko upande wa kushoto, upande wa njia ya miguu, kwa hiyo sisimami barabarani nikivuta mpira. Anayefanya kazi vijijini au kwenye maghala atakuwa na jibu lake. Mpira uwe wa rangi kali, njano au buluu ya kung'aa, maana bibi wa miaka themanini atapita hapo na kikapu chake. Kipenyo cha ndani cha milimita 6 ni chepesi kuvuta kutwa nzima. Cha 8 kinapitisha maji zaidi.

Nije kwenye maji, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Maji ya bomba ya eneo letu yametoka kwenye miamba ya chaki. Aliyewahi kuchemsha maji ya kisima cha Dar anaujua ule ukoko mweupe kwenye birika. Huku ni vivyo hivyo. Mita ya TDS, kijimashine kidogo cha mfukoni kinachopima madini yaliyoyeyuka majini, bombani kwangu husoma zaidi ya 300. Kwenye kioo unataka sifuri, na mimi sifanyi kazi na kitu kilichozidi 10. Maji hupita kwanza kwenye chujio la mchanga na tope, kisha la mkaa linaloondoa klorini (klorini huuharibu utando unaofuata), kisha utando wenyewe wa RO, chujio lenye vitundu vidogo mno linalosukumiwa maji kwa shinikizo, ambao huondoa zaidi ya asilimia 90 ya madini. Kinachobaki kinamalizwa na resini, punje ndogo zinazonasa madini mpaka zinajaa na kubadilishwa. Ukiruka utando na kutegemea resini peke yake katika eneo hili, resini itakufilisi. Aliyeko Scotland au Manchester, ambako maji ni laini, anaweza kabisa kuishi kwa resini tu, kwa hiyo usinunue mtambo kwa kumwiga mtu wa mji mwingine. Nunua mita kwanza, ni pauni chache, upime bomba lako.

Utando una tabia mbili za kuzijua. Unamwaga maji mengi, mara nyingi lita moja au zaidi kwa kila lita unayopata. Na unapenda shinikizo na joto: baridi ya Januari inaupunguza mwendo wake vibaya, kwa hiyo huwezi kuamka saa kumi na mbili ukategemea tenki lijae kabla ya kazi. Ndiyo maana lile tenki la lita elfu linakaa nyumbani, linajaa lenyewe usiku likiwa na boya la kufunga maji, na asubuhi unahamishia garini kwa pampu kwa dakika chache.

Hapo linakuja suala ambalo wauzaji wa vifaa hawaligusi. Wengi wetu tumepanga, tena chumba tu. Hakuna bomba la nje, bili ya maji ni ya pamoja, na mwenye nyumba hatapenda mitambo uani. Kuna njia. Kampuni ya Spotless Water ina vituo vya kujichotea maji yaliyokwisha kusafishwa, unalipia kwa lita. Kwa mtu wa lita 400 na kituo kisicho mbali, hesabu yake si mbaya hata kidogo, na unaepuka gharama ya mtambo mzima. Angalia ramani ya vituo kabla hujasaini mkataba wa nyumba.

Baridi. Maji yakiganda ndani ya pampu au kikombe cha chujio, plastiki inapasuka, na utando ulioganda umekwisha. Usiku wa barafu mimi huacha hita ndogo yenye umbo la bomba na kidhibiti joto, imechomekwa umeme wa nyumbani. Asiye na umeme karibu na gari atoe maji kwenye mpira na pampu, vichujio avipeleke ndani. Asubuhi ya barafu kali kataa kazi za njia ya miguu. Maji unayomwaga yanageuka kioo chini ya miguu ya wapita njia, na hapo bima yako ya madhara kwa watu wengine ndiyo itakayoulizwa. Bima ya gari nayo ijue kuna tenki. Ni badiliko la gari, na lisipotajwa kampuni inapata sababu ya kukataa kulipa.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri, kwa hiyo mwanafunzi asiguse biashara hii hata kwa jina la rafiki. Ukiruhusiwa na mapato yako ya biashara yakapita pauni 1,000 katika mwaka wa kodi, jisajili HMRC, mamlaka ya kodi. England yenyewe haina leseni ya kazi hii, ila Scotland halmashauri nyingi hudai leseni. Na vani ya dizeli isiyofikia Euro 6, kiwango cha Ulaya cha moshi wa magari, hata iwe ya bei ya kutupa, itakula pauni 12.50 kila siku utakayoingia London, kwa sababu tangu Agosti 2023 ULEZ, eneo linalotoza magari yenye moshi mchafu, inafunika mitaa yote ya jiji.

Kama fedha ya vani yenye tenki haipo bado, anza na kitoroli. Ni fremu ya magurudumu mawili yenye dumu la lita 25, pampu na betri ndogo, na inaingia kwenye buti ya gari la kawaida pamoja na madumu mengine manane au tisa. Madumu yafungwe, na uzito wake uhesabiwe vilevile. Utachoka kujaza na kubeba, lakini utajua kwa uhakika nyumba zako zinakula lita ngapi, na tenki utakaloagiza baadaye litakuwa la saizi yako. Kitoroli chenyewe usikiuze. Maduka yenye vyumba juu na ua wa nyuma usiofikika kwa mpira wa mita mia yapo kila mji, na wenye vani kubwa wengi huyakataa.