Mguu unaruka, lakini mjomba hajifanyi

Waalaykum salaam, dada wa Wete. Umesema mjomba ameanguka mkarafuuni miezi miwili nyuma, miguu haimtii, lakini daktari akimgonga chini ya goti mguu unaruka. Na nyumbani washaanza kunong'ona kuwa anajifanya. Waambie waache, wanamuonea.

Ule mguu hauruki kwa amri yake. Kigongo kinapopiga ukano chini ya pia ya goti, msuli wa mbele ya paja unavutika ghafla. Mshipa wa fahamu unapeleka habari hadi kwenye ugwe wa mgongo (kamba ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo), sehemu ya kiunoni, na hapo hapo mshipa mwengine unarudisha amri: kaza! Ubongo hauulizwi. Kwa mjomba, yaelekea njia iliyoumia ni ile ya kushuka kutoka kichwani, ila kituo cha kiunoni bado kinafanya kazi. Tena ubongo ndio unaokituliza. Amri hiyo ya kutuliza ikikosekana, mguu huruka kwa nguvu zaidi, hata kwa kuguswa na shuka tu.

Kwa hiyo msimgombeze, wala msichukulie kuwa anaanza kutembea. Mwulizeni daktari wazi: vidole vya miguu anavisogeza kwa kutaka mwenyewe? Akiguswa njia ya haja kubwa anahisi?

Kubwa sasa ni ngozi. Mgeuzeni kila baada ya saa 2, muangalie matako na visigino, maana kidonda huenda asikisikie. Mkojo ukizuilika, hospitali siku hiyo hiyo.